Programu Ikiandikwa Upya: Namna ya Kulinda Kazi Zenu Kabla Mfumo wa Zamani Haujazimwa

Mimi ni mhasibu wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wakulima hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Wanachama wetu ni watu wa chai, ndizi, parachichi na maziwa. Wengi wanatoka Katumba, Kiwira na Masoko, wengine wanashuka kutoka Mwakaleli. Nawaandikia wahasibu wenzangu, makeshia, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), watunza stoo, na yeyote atakayeitwa kwenye kikao aambiwe kwamba mfumo wa zamani unaondoka na unakuja mpya ulio bora zaidi. Huenda ni bora kweli. Ila programu inapoandikwa upya tangu mwanzo, kinachotangulia kupotea ni zile kazi ambazo hazijaandikwa popote, ambazo keshia anazijua na mtengenezaji hazijui. Hizo zinaweza kuokolewa, lakini lazima muanze mapema.

Mfumo wetu wa zamani ulikuwa wa kijivu na herufi zake ndogo. Hata hivyo keshia aliuendesha kwa kibodi peke yake: namba ya mwanachama, Enter, kiasi, Enter, risiti hiyo. Siku ya malipo ya chai, foleni ikiwa imetoka nje hadi barazani, mkono wake haukugusa mausi. Mwanachama alitafutwa kwa jina, kwa kijiji au kwa namba ya kitabu. Na kwa kuwa hapa kwetu mvua za Machi hadi Mei zikishika umeme nao unayumba, mfumo uliruhusu muamala wa jana uingizwe leo kwa tarehe ya jana, kutoka kwenye risiti za mkono.

Mpya ulipokuja, mwanachama akawa anatafutwa kwa namba ya simu tu. Siku za mwanzo nilimsikia keshia akisema, "Shikamoo bibi, nitajie namba yako ya simu." Bibi akajibu, "Marahaba mwanangu. Simu ni ya mjukuu, mimi namba yangu ni hii ya kwenye kitabu." Mjukuu naye ni mwanachama. Mfumo ukafungua akaunti ya mjukuu. Keshia asingekuwa makini, akiba ya bibi ingeingia kwa kijana.

Walioandika programu ile hawakuwa na nia mbaya. Waliona kila mtu ana simu, wakajenga juu ya hilo.

Kwa nini kazi hupotea

Mambo haya hayatokei kwa vyama vidogo tu. Mei 2024 kampuni ya Sonos ya Marekani, inayotengeneza spika, ilitoa programu yake ya simu iliyoandikwa upya. Kengele za kuamshia watu hazikuwemo, wala kipima muda cha kuzima muziki usiku, wala namna ya kupanga foleni ya nyimbo kama awali. Watu walikuwa na spika nzima ukutani na hawawezi kuzitumia walivyozoea. Mkurugenzi mkuu Patrick Spence aliomba radhi hadharani Julai mwaka huohuo, na Januari 2025 akaondoka kwenye kiti.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Apple, kwa sababu unahusu kazi ninayoifanya. Oktoba 2013 walitoa Pages, programu yao ya kuandikia, iliyoandikwa upya, na ndani yake haikuwemo kazi ya kuchukua barua moja na orodha ya majina, kisha kutoa barua mia kila moja na jina lake. Kwa ofisi ya mikopo hiyo ndiyo barua ya kumbukumbu ya deni. Kazi hiyo ilirudi mwaka 2022. Apple walifanya jambo moja la busara: toleo la zamani waliliacha ndani ya kompyuta, kwenye folda yake, na aliyelihitaji aliendelea nalo. Likumbuke hilo, maana nitalirudia nikifika kwenye kompyuta ya zamani.

Sababu zenyewe zinajulikana. Programu ya zamani imejengwa kwa zana ambazo mafundi wa leo hawazitaki tena, kwa hiyo wanaanza upya. Wanaanza na kazi zinazotumiwa na wengi, wakiahidi nyingine zitafuata toleo lijalo, kisha fedha au muda unaisha. Wengine hupima matumizi kupitia intaneti. Ofisi inayofanya kazi bila mtandao nusu ya siku haihesabiwi, na kazi inazozitegemea zinaonekana kama hazina mtumiaji. Halafu kuna msukumo wa kompyuta zenyewe: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zikajikuta zinabadilisha mashine na programu kwa mpigo mmoja.

Keti nyuma ya keshia

Kazi ya kwanza haihitaji kompyuta. Chukua daftari, keti nyuma ya keshia siku yenye watu wengi, uandike anachofanya. Usianze kwa kumuuliza anatumia nini. Atakutajia mambo makubwa: kupokea akiba, kutoa mkopo, kupokea rejesho. Hayo mfumo mpya unayo, hakuna anayeyasahau. Yanayosahaulika ni yale ambayo vidole vyake vinayafanya vyenyewe wakati mdomo unamsalimia mwanachama.

Fanya hivyo kwa siku za aina tofauti. Siku ya kawaida, siku ya malipo, kufunga mwezi, siku umeme haupo, siku mkaguzi amekaa mezani. Kazi za mara moja kwa mwaka ziko hatarini kuliko zote: kugawa gawio, kukokotoa riba ya akiba, kutoa taarifa ya mkutano mkuu. Ukisubiri uzione zitakukuta mfumo umeshabadilishwa, kwa hiyo hizo ziandike kwa kupekua mafaili ya mwaka uliopita, karatasi kwa karatasi, ukijiuliza kila moja ilitoka kwenye kitufe gani.

Angalia pia kilichobandikwa. Kila ofisi ina vikaratasi pembeni ya skrini: "7 ni mkopo wa mbolea", "usibonyeze Futa kabla ya kuprinti". Vikaratasi hivyo ndivyo mwongozo halisi wa mfumo wenu. Vipige picha.

Na sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Tafuta visanduku vinavyotumika kwa kazi ambayo havikuumbiwa. Fomu ya mwanachama kwenye mfumo wetu wa zamani ilikuwa na kisanduku cha namba ya faksi. Hakuna mkulima wa Rungwe mwenye faksi. Makarani waliotutangulia walikitumia kuandika jina la mrithi, kwa sababu fomu ile haikuwa na pa kumwandika mrithi. Miaka ikapita, kila mtu akijua: ukitaka mrithi, angalia faksi. Mtengenezaji wa mfumo mpya alipoona kisanduku cha faksi alikiondoa, na mtu yeyote mwenye akili timamu angekiondoa. Tulikuwa tumeshaliandika jambo hilo daftarini, tukamwonyesha kabla data haijahamishwa, naye akaweka kisanduku cha mrithi. Fikiria lingegunduliwa baadaye, siku familia imekuja na cheti cha kifo.

Usiishie kaunta. Kuna watu wanaoutegemea mfumo na hawajawahi kuugusa. Afisa mikopo anakwenda vijijini na orodha iliyochapwa ya marejesho, imepangwa kwa kijiji. Mpya ukipanga kwa alfabeti tu, atazunguka Mwakaleli siku nzima akipekua kurasa. Mwenyekiti wa bodi anasoma ukurasa mmoja kila mwezi, tarakimu zile zile mahali pale pale. Nenda kwao uwaombe karatasi wanazotumia, zile walizozungushia kwa kalamu. Palipozungushwa ndipo wanaposoma.

Kwa kila kazi andika mambo manne: nani anaifanya, mara ngapi, anaifanyaje, na isipokuwepo nini kinatokea. Jibu la hilo la nne ndilo litakalokusaidia kikaoni. "Tumezoea" haimshawishi mtu. "Rejesho litaingia tarehe isiyo yake na mwanachama atatozwa faini asiyostahili" inamshawishi hata mhandisi.

Zisizostahili kuokolewa

Orodha itakuwa ndefu, na lazima uipunguze mwenyewe kabla hujaipeleka. Kuna kazi za mfumo wa zamani ambazo ni afadhali zife. Wetu uliruhusu kufuta muamala bila kuacha alama yoyote. Makeshia waliupenda uwezo huo, ulikuwa unarahisisha kusahihisha. Mimi niliukataa kwa nguvu zote, kwa sababu fedha ya mkulima haifutwi, inarekebishwa kwa muamala wa pili unaoonekana. Vivyo hivyo paswedi moja ya ofisi nzima. Mtu akilalamika kwamba mpya unamtaka kila mmoja aingie kwa jina lake, msikilize kwa heshima, halafu usiliweke kwenye orodha.

Zinazobaki zigawe mafungu mawili tu: zile ambazo bila hizo hamfungui mlango asubuhi, na zile mnazoweza kuzisubiri. Mafungu matano ni ya kwenye vitabu. Kikaoni watu wanakumbuka mawili.

Fungu la kwanza liingie kwenye mkataba, kama kiambatisho chenye sahihi za pande zote. Awamu ya mwisho ya malipo ifungwe kwa kiambatisho hicho: kila kazi ionekane ikifanyika mbele ya keshia, kwa data yenu, ndipo hundi iandikwe. Ahadi ya mdomo kwamba "itakuja toleo lijalo" msiilipie leo. Na kama programu imetengenezwa kwa ajili yenu tu, mkataba useme msimbo wake, yaani maandishi ya mafundi yanayoijenga programu, mtaupataje kampuni ikifunga biashara.

Kuhamisha data bila kuipoteza

Hapa taratibu, kwa sababu hasara ya hapa haionekani siku hiyo.

Omba data yote itolewe kwenye faili za CSV, ambazo programu karibu zote zinaweza kuzisoma. Kusema yote ni kusema na akaunti zilizofungwa, wadhamini wa kila mkopo, na sehemu ya maelezo. Ile sehemu ya maelezo ndiyo hoja ya ugomvi kila mahali. Mtengenezaji ataona ni maandishi yasiyo na mpangilio, ataiacha. Kwetu ndimo mlimoandikwa "kamati imekubali alipe baada ya kuuza parachichi." Hilo ni makubaliano, na likipotea mfumo mpya utamwita mtu huyo mdaiwa sugu.

Faili ikishatoka, usiibofye mara mbili ifunguke kwenye Excel kisha ukaihifadhi. Excel itajaribu kukusaidia na itaharibu. Namba ya simu inayoanza na 0 itaondolewa sifuri yake. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, nayo Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Ikiwa imeandikwa bila vistari, tano za mwisho zitageuka sifuri, na ukihifadhi hazirudi tena. Tarehe 03/04/2024 inaweza kusomwa Aprili au Machi kutegemea kompyuta imepangwa kwa mtindo wa nchi gani. Fungua Excel tupu, ingiza faili kupitia menyu ya Data, na uiambie safu za namba za simu, NIDA na namba za uanachama kwamba ni maandishi. Faili asili iache bila kuguswa kwenye flashi nyingine.

Baada ya data kuingia kwenye mfumo mpya, linganisha jumla: idadi ya wanachama, akiba yote, hisa zote, mikopo yote iliyo nje. Zilingane hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya shilingi chache isikubaliwe kwa sababu ni ndogo. Inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana.

Halafu kagua watu mmoja mmoja, na usiwachague kwa bahati nasibu. Wachague wenye mambo. Aliyefariki na akiba yake haijachukuliwa. Aliyebadili jina baada ya kuolewa. Mwenye mikopo miwili. Aliyedhamini mkopo uliokwama. Mkopo ulioongezewa muda. Majina yanayofanana pia: huku ukiandika Mwakalinga au Mwaipopo unapata ukurasa mzima, na ndani yake wamo baba na mtoto wenye majina matatu yanayokaribiana. Hawa wakipita salama, wengine watapita.

Data hizi ni za watu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, kwa hiyo anayechukua faili zenu aandikiwe kwenye mkataba atazitunzaje na atazifuta lini. Faili ya wanachama isipite kwenye kundi la WhatsApp.

Endesheni yote miwili kwa pamoja

Zamani na mpya vitembee pamoja kwa muda, kila muamala uingizwe kote kuwili. Ni kazi nzito, makeshia watachoka, na bodi ikubali kuwalipa muda wa ziada au kuongeza mtu wa muda. Mtu wa kampuni atasema wiki moja inatosha. Haitoshi. Muda mfupi kabisa unaofaa ni ule unaobeba kufunga mwezi mara moja na mzunguko kamili wa marejesho, kwa sababu makosa ya riba hayaonekani mpaka riba ikokotolewe.

Siku ya kuanza ichague mwenyewe. Isiwe Januari, wazazi wanapotoa fedha za ada. Isiwe mwisho wa mwaka wa hesabu, isiwe wiki ya malipo ya chai. Katikati ya mwezi, katikati ya wiki, asubuhi, mtu wa kampuni akiwa ameketi ofisini kwenu na si kwenye simu. Siku moja ndani ya kipindi hicho zimeni intaneti kwa makusudi mwone kinachotokea kaunta. Siku nyingine zimeni umeme.

Kazi ikiwa imeshapotea

Pengine unasoma haya umeshachelewa, mpya umewashwa na kazi haipo. Andika barua, na ieleze kazi badala ya kitufe. Ukiandika "rudisheni kitufe cha tarehe", watakujibu kwamba muundo mpya hauna kitufe hicho. Andika hivi:

"Umeme ukikatika tunapokea marejesho kwa risiti za mkono na kuyaingiza siku inayofuata. Mfumo mpya unayapa tarehe ya siku ya kuingizwa. Matokeo yake mwanachama aliyelipa siku ya mwisho anaonekana amechelewa na kutozwa faini. Tunaomba njia ya kuingiza muamala kwa tarehe ya risiti, kwa idhini ya meneja, na kumbukumbu ya nani aliidhinisha. Naambatanisha risiti za mkono na taarifa ya mfumo ya siku hiyohiyo. Tunaomba mtujibu kama itawezekana na lini, na kama haiwezekani, mnatushauri tufanye nini."

Ona kwamba barua hiyo inampa mtengenezaji nafasi ya kuleta njia bora kuliko ya zamani. Kwetu walileta hiyo ya idhini ya meneja, nami naipenda kuliko tuliyokuwa nayo. Kila barua iwe na kazi moja. Ukirundika kumi, watashughulikia rahisi tatu na kufunga faili. Na vyama vingine vinavyotumia programu hiyohiyo vitafute, Kyela, Mbozi, popote. Barua ileile ikitoka kwa vyama vinne haiwi tena lalamiko la mhasibu mmoja wa Tukuyu.

Wakati mnasubiri mtabuni njia ya pembeni, kwa kawaida daftari au faili ya Excel. Sawa, lakini iwe na mwenyewe mmoja anayejulikana, ilinganishwe na mfumo kila jioni, na meneja aisaini kila wiki. Njia ya pembeni isiyo na mwenyewe hugeuka leja ya pili, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akikuta leja mbili zinazotofautiana hatauliza programu iliandikwa upya na nani.

Kompyuta ya zamani

Msiiuze, msimpe mtu nyumbani, msiifute. Ichomoeni kwenye intaneti kabisa, kwa kuwa Windows yake haipati tena ulinzi, na ibaki ya kusoma tu. Kabla hamjaihifadhi mwiteni fundi achukue nakala ya diski nzima, pamoja na programu na Windows yake, kwa kutumia Clonezilla au zana kama hiyo. Nakala ya data peke yake haisaidii kama hakuna programu ya kuifungua. Fundi mzuri anaweza pia kuifanya mashine hiyo iishi ndani ya kompyuta mpya kupitia VirtualBox, ikawa inafunguka kwenye dirisha lake. Mwombeni aifungue mbele yenu, atafute mwanachama mmoja, achape taarifa yake.

Diski ya nakala ikae kwenye sefu, na bahasha iliyofungwa yenye paswedi ya mfumo wa zamani, jina la aliyeiandika na tarehe. Kwenye Tukuyu yenye unyevu kama huu, ifungeni kwenye mfuko usiopitisha maji. Kila mnapofunga robo mwaka iwasheni mashine, mfungue akaunti moja, mwandike kwenye daftari la ofisi kwamba imefunguka.